Nilipomwonyesha Mkorea Kaskazini

Tarehe kumi na moja Mei, mwaka juzi, mamangu alifariki. Alifia Jasini, kwa dadake. Alikwenda kumuuguza akaugua yeye. Mimi nilikuwa Riyadh, mtaa wa Naseem, nyumba ya madam wangu wa kwanza, nanyoosha kanzu za baba mwenye nyumba. Kakangu alinipigia asubuhi, na ilipofika alasiri walikuwa wameshamzika, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Madam akasema Mungu amrehemu, akaniambia chakula cha jioni atapika yeye. Nikaenda chumbani kwangu, nikakaa kitandani, na nakumbuka kwamba sikujua nitazame upande gani. Mtu akifiwa akiwa nyumbani hutazama mlango aliotolewa maiti. Mimi nilikuwa na ukuta na kiyoyozi.

Mkataba wa Naseem ulipokwisha sikurudi nyumbani. Niliyekuwa nikimrudia hayupo. Kampuni ya kukodisha wafanyakazi ikachukua ikama yangu, kibali changu cha kuishi, ikanipeleka upande mwingine wa Riyadh, kwenye fleti ya Mkorea mmoja, mhandisi wa barabara, aliyekuwa akitafuta mwanamke wa kumtunza babake. Mhandisi nilimwita bosi. Mkewe na watoto walibaki kwao kwa ajili ya shule. Mzee alikuwa ametimiza miaka themanini na zaidi, mkewe amekufa, na mwanawe hakutaka kumwacha peke yake.

Nilijiuliza nitasemaje na mtu wa namna hiyo. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, na chake hakikuwepo. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka kwenye kiti chake, akaniambia kwa Kiarabu, "Yalla, sadik, chai." Nikadhani sikusikia vizuri. Kumbe ujanani alikuja Saudia kama kibarua, akafanya kazi Jeddah wakati bandari ikipanuliwa, na Kiarabu cha kibarua kilikuwa kimemkaa kichwani miaka yote hiyo. Kilikuwa kama changu, cha amri na vitu. Hiki mafi, yaani hakuna, kile halas, kimekwisha, kesho, haraka, maji, chumvi. Hajui kwamba sadik ni rafiki wa kiume. Sikumsahihisha.

Nami nilimwita Baba, kama tunavyowaita waajiri wote wa umri huo. Mara ya kwanza alikunja uso, kisha akacheka mpaka akakohoa. Bosi ndiye aliyenieleza jioni kwamba kwao neno linalokaribia hilo, babo, ni mpumbavu. Tangu siku hiyo nikikosea kitu, nikiunguza wali au nikimpa dawa ya jioni mchana, alikuwa akininyooshea kidole na kusema, "Mimi Baba. Wewe babo."

Ukimtazama usingedhani ana jambo zito moyoni. Nami nilikuwa mwezi wa tatu pale kabla sijalijua.

Tulikuwa na kazi moja tuliyoifanya pamoja, kumenya vitunguu saumu. Wakorea wanakula vitunguu saumu kuliko watu wote niliowahi kuwapikia. Tulikuwa tukikaa jikoni, sinia katikati, na yeye akisimulia kidogo kidogo, leo kipande hiki, wiki ijayo kipande kile. Neno likimshinda alichora mezani kwa kidole chenye maji. Nitayaweka hapa pamoja kama nilivyoyaelewa. Kama kuna nilipokosea, ni Kiarabu chetu.

Nchi yao ilikuwa moja, lugha moja, tangu zamani sana. Kisha Mjapani akaitwaa. Babake mzee alisoma shule ambayo ukisema Kikorea unachapwa, na jina lake likabadilishwa likawa la Kijapani. Mzee alipokuwa wa miaka mitatu hivi, Mjapani akashindwa ile vita kubwa ya dunia. Watu wakatoka majumbani wakipiga kelele za furaha. Wamepata nchi yao. Lakini Mrusi alikuwa tayari anaingia kwa juu, na Mmarekani akaogopa kwamba Mrusi atashuka mpaka chini aichukue yote. Wakati huo wawili hao walikuwa bado upande mmoja wa vita, ila hawakuaminiana. Maofisa wawili wa Marekani, huko kwao, wakapewa ramani usiku mmoja waseme mpaka wapi Mrusi awapokonye Wajapani silaha na wapi Mmarekani aanzie. Wakachagua mstari uliokwisha chapwa kwenye ramani, ule wa namba thelathini na nane. Mrusi akakubali. Hakuna Mkorea aliyeulizwa.

Hapo nilimsimamisha. Nilimwuliza mara mbili, nikidhani nimechanganya maneno: aliyeshindwa vita ni Yabani?

"Yabani."

Na aliyekatwa vipande viwili?

Akajigonga kifuani kwa kidole chenye harufu ya vitunguu. "Korea."

Kwa muda mfupi tu, ndivyo watu walivyoambiwa. Kijiji chake kilikuwa juu ya mstari, na soko lao lilikuwa chini yake. Mwanzoni mamake alikuwa akivuka na kuku wake kwenda kuuza, askari wanamtazama tu. Kisha wakaanza kuuliza. Kisha ikawa lazima uvuke kwa kujificha. Mrusi akamtafuta Mkorea wake wa kutawala juu, Mmarekani akamtafuta wake wa kutawala chini, na kila mmoja wa hao wawili akasema nchi nzima ni yake. Watu wa juu wakashuka na silaha za Mrusi, karibu wafike bahari ya kusini. Mmarekani akarudi na wenzake, akawasukuma juu karibu na Uchina. Mchina naye akaingia, akawasukuma chini tena. Nchi ile, alivyoniambia mzee, ilipigwa pasi kwenda na kurudi.

Katika kurudi huko, wakati wa baridi, babake alimbeba mgongoni wakakimbilia kusini. Alikuwa wa miaka minane. Nyanya yake hakuweza kutembea, na mamake akabaki kumtazama.

"Mama akasema, siku tatu," mzee aliniambia. "Siku tatu, halas, mtarudi."

Vita vilisimama bila kwisha. Hawakuandikiana amani, walikubaliana tu kutopiga risasi. Mstari ukasogea kidogo hapa na pale, ukawa ua wa waya na mabomu ardhini. Hakuna barua iliyopita wala simu. Baadaye sana serikali zile mbili zilikubaliana mara chache ndugu wachache wakutane, kwa kura, na mzee alijiandikisha kila mara. Jina lake halikutoka. Sasa mamake, kwa kuhesabu umri, hawezi kuwa hai. Lakini lini alikufa na kaburi liko wapi, hajui. Kwa hiyo kila sikukuu, akiwa Korea, alikuwa akipanda basi mpaka mwisho wa njia kule kaskazini, mahali wanapokusanyika watu kama yeye, anaweka chakula cha mamake na kusujudu akielekea upande wa waya. Miaka yote hakukosa. Na sasa mwanawe amemleta jangwani.

Nilimwambia kwamba mamangu naye amekufa, na kwamba sikumzika. Nilipomwambia alizikwa Jasini, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na sisi ni watu wa Vanga, Kenya, aliacha kumenya.

"Mpaka? Nani alikata?"

Mwingereza na Mjerumani, nikasema. Hata sisi hatukuulizwa. Ukoo wa mamangu nusu uko huku nusu uko huko, na nyanya alikuwa akisimulia kwamba Wazungu hao wawili walipigana papo hapo Jasini, kwenye mashamba ya katani, na wenyeji wakajificha mikokoni.

"Mamako alivuka na pasi?"

"Mafi pasi."

"Waya?"

"Mafi waya. Kuna jiwe."

"Askari?"

"Wapo wawili watatu. Wananunua samaki."

Alicheka, lakini taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Akaniuliza tena habari za lile jiwe, ni kubwa kiasi gani, mtu anaweza kulikalia? Nikasema mamangu amelikalia mara nyingi akiwa amechoka na kikapu. Akatikisa kichwa. Siku iliyofuata akanitaka nimsimulie tena, na nadhani alimsimulia mwanawe pia, maana bosi naye aliniuliza kama ni kweli.

Sikukuu yao ya mavuno iliangukia mwezi mpevu, kama sikukuu zao nyingi zinavyofuata mwezi, na hilo lilinifanya nijisikie nyumbani. Siku chache kabla, mzee aliniambia kilichokuwa kikimsumbua. Hakuogopa kwamba chakula kitakosekana. Aliogopa kwamba yeye mwenyewe amehama, na mamake hana habari. Akiwa Korea alijua pa kugeukia. Hapa, ndani ya fleti yenye madirisha madogo na mapazia yaliyofungwa kutwa kwa ajili ya joto, hakujua. Akikosea upande, mamake ataletewa chakula mahali ambapo hayupo. Na kwa desturi yao kila kitu mezani kina upande wake. Kichwa cha samaki kielekee mashariki, nyama ikae magharibi, na mwenyewe anayeletewa akae kaskazini. Kaskazini ikipotea, meza yote imepotea.

"Shamal wapi, sadik?"

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Shimali niliyoijua mimi ilikuwa ya madereva, kata kushoto.

"Babo," akasema. Akavuta pumzi, akajikumbatia akitetemeka, akaonyesha theluji ikianguka, kisha akachora Korea mezani kwa maji na kugonga sehemu ya juu. Hapo nikamwelewa. Kaskazini.

Na kaskazini mimi naijua. Kwetu Vanga, na pwani yote, mtu mzima ukimwuliza kaskazini iko wapi atakuambia ni kibla. Upande wa kibla wa shamba ni upande wa kaskazini wa shamba. Nyanya alikuwa akisema nyumba ya fulani iko kibla kwa msikiti, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo. Chumbani kwangu kulikuwa na mshale wa kibla uliobandikwa darini na waliotangulia, na nilikuwa nikisali kwa mshale huo kila siku. Nikamshika mzee mkono, nikamweka katikati ya sebule, nikamgeuza.

"Shamal," nikasema.

Alinishukuru kwa kuinama. Sikuzoea mtu mzima kuniinamia.

Tuliandaa tangu alfajiri. Mezani paliwekwa wali, mchuzi, samaki mzima, tofaa na peari. Palitakiwa pia tunda fulani la kwao lililokaushwa, na tulipolikosa akaweka tende, akasema ni binamu. Pombe ya mchele ni haramu nchini, akamimina kinywaji cha shayiri cha kopo. Nilimwambia wazi kwamba mimi siwezi kula chakula kilichowekewa marehemu. Akasema hakuna shida, akanichotea changu kwanza kabla hakijafika mezani. Kisha akasimamisha kijiko ndani ya bakuli la wali, akarudi nyuma, akapiga magoti, akaweka mikono chini na kipaji cha uso juu ya mikono. Mara mbili.

Nilisimama mlango wa jikoni nikimtazama. Mzee wa Kikorea, asiye na dini ninayoijua, amesujudu kibla sawasawa kuliko watu wengine wa msikitini kwetu.

Alipomaliza aligeuka nyuma. Upande wa pili wa sebule aliweka meza ndogo na picha ya mkewe, aliyezikwa kusini, na akasujudu huko pia. Kwao ndivyo alivyozoea, kaskazini kwa mama na kusini kwa mke, na kila mara amempa mmoja mgongo. Alisema mkewe alikuwa akimtania maisha yote kwamba amemwoa mwanamume anayetazama kwingine.

Dereva wa bosi, Mkenya mwenzangu kutoka Kitale, alikuwa amekuja kuchukua funguo mzee akiwa bado chini mbele ya meza ya mamake.

"Dada, mzee ameslimu?" akaninong'oneza.

Nikamwambia anyamaze, anamsalimu mamake kaskazini. Akatazama meza, akatazama mapazia, akasema haya basi, akaenda zake. Ni mtu wa mizaha na nilidhani ni mzaha.

Wiki nyingi baada ya hapo mzee alikuwa mwepesi. Alikula, alitaka kutembea nje usiku, alinifundisha kuhesabu kwa Kikorea. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimemfanyia mtu jambo ambalo mimi mwenyewe sikufanyiwa.

Kazi ya bosi ikahamia Jeddah. Tulikwenda kwa gari, na mzee aliamka kila tulipopita kituo cha mafuta akiuliza kama bahari imeonekana. Tulipewa fleti Baghdadiyah, ghorofa ya sita, na kati ya majengo mawili ya mbele palikuwa na ufa ambao ndani yake unaiona bahari. Alihamishia kiti chake hapo. Mji umebadilika wote, alisema, lakini maji ni yale yale.

Mwaka mpya wao huangukia katikati ya baridi. Siku moja kabla, nikaitoa meza fupi nikaanza kuipanga mapema. Mshale wa kibla wa fleti hii ulikuwa kwenye droo ya kabati. Nikaugeuza uso wa meza kuufuata, mgongo wake ukaelekea dirisha la bahari.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Akaniuliza ninafanya nini. Nikasema, shamal, nikaonyesha.

Akatazama nilipoonyesha. Akatazama dirisha. Kisha akasimama, jambo lililokuwa gumu kwake, akaja akasimama kando yangu na kuinua mkono kuelekea baharini.

"Bahari, jua linakwenda huko," akasema. Ujanani alikuwa ameliona likizama humo kila siku vibarua walipoweka chini vyombo vya kazi. Akageuka akaweka bahari mkono wake wa kushoto, akanyoosha mbele. "Shamal hii." Akaugusa uso wa meza niliyoipanga. "Hii mashariki."

Nilitaka kubisha. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema kibla, Baba, kibla ndiyo kaskazini, na nilipolisikia neno likitoka kinywani mwangu, hapa, Jeddah, Makka ikiwa mwendo wa saa moja na kidogo mashariki, nililielewa mwenyewe. Kwetu Makka iko kaskazini kwa sababu sisi tuko kusini yake. Miaka zaidi ya minne nimekaa Saudia na sikuwahi kulifikiri. Katika nyumba za Riyadh sikuwahi kuliona jua likizama.

Naye alikuwa ameshalifikia.

"Riyadh?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia, Riyadh pia nilikuonyesha kibla.

"Makka."

"Makka, Baba."

Aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Dereva alipopanda na samaki akanikuta nimekaa kwenye sakafu ya jikoni. Nilipomweleza aliweka samaki chini kwa adabu, kisha akashindwa kujizuia. "Aki nyinyi watu wa coast," akasema. "Riyadh nilijua! Si nilijua? Kila jioni jua lilikuwa linatua upande wa hiyo meza. Nikasema labda Wakorea wana kaskazini yao." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ndiye uliyenyamazisha mimi." Ilikuwa kweli.

Mzee hakula mchana. Hakutaka chai. Nilikaa nje ya mlango wake nikikuna karoti ambazo hazikuhitaji kukunwa. Niliwaza juu ya yule mama aliyesema siku tatu, na mwanawe akamtafuta kwa basi mpaka kwenye waya miaka yote, asikosee, mpaka alipokutana na mimi. Bosi aliporudi kutoka kazini nilimwambia kabla hajavua viatu. Alicheka, akaacha kucheka, akauangalia mlango wa babake. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole kama babake alikuwa amelia. Nikasema sikusikia. Aliniambia kwamba hajawahi kwenda naye kule kwenye waya hata mara moja. Alikuwa na shule, halafu jeshi, halafu kazi.

Tukiwa bado tumesimama hapo, mlango ukafunguka. Mzee alikuwa amevaa sweta lake. Hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

"Sadik. Wewe Mwislamu."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka minne Saudia. Makka umefika?"

Nikasema bado. Naseem hawakunipa nafasi, na baadaye nilikuwa nikisubiri ruhusa.

"Mama yangu amefika," akasema. "Mwanamke wa kijijini, hajawahi kupanda treni. Amefika kabla yako. Babo."

Kisha akataka chai, na akataka kesho samaki awe mkubwa zaidi, maana mamake atakuwa amechoka na safari. Alimwambia mwanawe kitu kirefu kwa Kikorea, na bosi akanifasiria kwamba mwisho wa wiki dereva anipeleke Makka, na hiyo si ruhusa, ni amri ya mzee.

Asubuhi bosi hakwenda kazini mapema. Alitoka chumbani amevaa suti, akatukuta mimi na mzee tunaigeuza meza, bahari mkono wa kushoto. Alisimama akitutazama, kisha akatoa simu akafungua dira. Akasema kitu. Mzee akamjibu kwa ukali, na nililisikia neno shamal, alilisema kwa Kiarabu ili nami nisikie. Bosi akatikisa kichwa, akafungua ramani, akachuchumaa karibu na babake. Akaweka kidole Jeddah. Ukienda kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, akatufafanulia sote wawili, kwa Kikorea na kwa Kiingereza, unafika Syria, unafika Urusi. Nyumbani kwa nyanya yake si huko. Akaburuza kidole kwa kukata pembe, juu na kulia, akapita milima, akapita Uchina yote, mpaka kwenye kipande kidogo kinachoning'inia baharini. Kidole chake kilikifunika chote.

Mzee aliusogeza mkono wa mwanawe aone chini yake.

"Kaskazini yetu iko wapi?" akauliza.

Bosi akanyoosha mkono kwenye kona ya chumba, kati ya kabati la vyombo na mlango wa jikoni.

"Na kusini yetu?"

Bosi akauacha mkono pale pale.

Mzee aliitazama kona ile. Akamwuliza tena, sasa kwa kutaja, nadhani, kijiji cha mamake na mji aliozikwa mkewe, na kila mara mwanawe alisema ni upande ule ule. Kutoka hapa hakuna tofauti. Ukielekea mmoja umeuelekea mwingine.

"Wahid?" akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye kuthibitisha maelekeo. Nikasema sithubutu tena, lakini simu inasema wahid.

Tukaihamisha meza mpaka mbele ya ile kona. Upande wa kichwa cha samaki ikabidi uhesabiwe upya, na wakabishana baba na mwana, nami nikakaa mbali na mabishano hayo. Kisha mzee akaniambia nilete ile meza ndogo ya mkewe. Nikaileta, nikasubiri aniambie niiweke upande gani. Akaiweka mwenyewe, ubavuni mwa ile ya mamake, zikagusana. Mkewe na mamake hawakuwahi kuonana.

Alisema kitu, bosi akaangua kicheko. Nikauliza kasemaje.

"Anasema wakigombana hayuko."

Bosi alivua koti la suti. Akasimama kando ya babake, akamwangalia anavyoweka mikono, mkono upi juu ya upi, maana hakuwa na hakika. Wakasujudu pamoja mara mbili. Mzee alichelewa kuinuka mara ya pili na nilipiga hatua kumfuata, lakini mwanawe alikuwa ameshamshika kwapa.

Tulikula jikoni, wao chakula cha mezani na mimi changu nilichochotewa kwanza. Bosi alimwuliza babake maswali mengi, na mzee akajibu mdomo umejaa. Dereva akapiga simu mara tatu kutoka chini. Mara ya tatu bosi aliipokea, akamwambia apande, achukue sahani.